London Archives, Clerkenwell: mwaka mzima tukitafuta ukoo wa mjomba Pepys

Kama uko London au unapita London na una hamu ya kutafuta ukoo, uwe wako au wa mtu mwingine, nenda London Archives pale Clerkenwell, nenda tu. Nimeanza na jibu kabisa kwa sababu najua wengine hamna muda wa kusoma mpaka chini, ila ukibaki nitakueleza kwa nini, maana mimi sikwenda pale mara moja nikarudi kutoa nyota, nimekwenda mwaka mzima, karibu kila mwezi, nasukuma kiti cha magurudumu cha bibi mmoja wa kizungu ninayemhudumia, na tuliyekuwa tunamtafuta ni mtu aliyekufa mwaka 1703.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Huyu bibi ana miaka themanini na kitu, macho yamechoka kabisa ila akili bado inakata kama wembe. Alipokuwa mtoto, bibi yake mzaa mama alimwambia, sisi ni damu ya Samuel Pepys. Hilo neno amekaa nalo maisha yake yote. Alipostaafu akajiunga na wazee wenzake wanaotafuta nasaba kwa mapenzi tu, hakuna anayelipwa, mmoja alikuwa mwalimu, mwingine dereva wa treni, wanakutana maktaba ya mtaa wanabadilishana makaratasi. Macho yalipomshinda akaniomba nimsomee. Ndo nilivyoingia mimi, Mluguru wa Mgeta kule Morogoro, Tanzania, kwenye ukoo wa watu wa Cambridgeshire.

Kwa asiyemjua, Samuel Pepys (wenyewe wanatamka Piips) alikuwa mtoto wa fundi nguo, akasoma, akapanda mpaka akawa mkubwa kwenye ofisi ya jeshi la majini la Uingereza. Ila watu hawamkumbuki kwa hilo, wanamkumbuka kwa shajara. Kuanzia 1 Januari 1660 mpaka 31 Mei 1669 aliandika karibu kila siku, alichokula, aliyegombana naye, tauni ya 1665, moto wa 1666 ulioteketeza mji, mpaka mambo ya chumbani ambayo mtu mwingine angezikwa nayo. Na aliandika kwa hati mkato, ile ya Thomas Shelton, ukifungua unaona vijimistari na vidoti tu, mpaka kati ya 1819 na 1822 alipopatikana kijana wa Cambridge anaitwa John Smith akakaa akaifumbua yote. Aliacha kuandika kwa kuogopa anapofuka, na hakupofuka, aliishi miaka mingine 34. Sasa mtu ukimsoma miaka kumi anakuambia siri zake unaanza kumwona kama wa nyumbani, na ukishamwona wa nyumbani unataka kujua kina nani wengine wako hiyo nyumba. Hata ndani ya ukoo wenyewe yupo aliyeshikwa na hamu hiyo, Walter Courtenay Pepys, alichapisha kitabu kizima cha nasaba yao mwaka 1887.

Haya, tuje kwenye pahala penyewe. Jengo liko Northampton Road, unaweza kutembea kutoka stesheni ya Farringdon, na Exmouth Market iko jirani kama unataka kula kitu. Zamani palikuwa panaitwa London Metropolitan Archives, jina limebadilika 2024, kwa hiyo usichanganyikiwe ukikuta majina mawili kwenye vitabu. Ni mali ya City of London Corporation na kuingia ni bure. Narudia, bure. Zimewekwa kumbukumbu zinazojaza rafu zaidi ya kilomita 100, ya zamani kabisa ni ya mwaka 1067. Unajiandikisha kupata kadi yao inaitwa History Card, beba kitambulisho na kitu chenye anuani yako, angalia maelekezo kwenye tovuti yao kabla hujatoka na angalia pia siku za kufungua maana si kila siku. Begi na koti unaacha nje kwenye kabati. Kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu. Mara ya kwanza niliona mambo mengi mno kwa karatasi tu, halafu nikaona mwenyewe hizo karatasi zilivyo, nikaelewa.

Kitu cha kujua mapema, hawakupi mkononi kile kitabu chenyewe cha ubatizo cha miaka ya 1600. Unasoma picha zake, kwenye kompyuta au kwenye maikrofilamu (picha ndogo za kurasa kwenye mkanda wa filamu, unazikuza kwa mashine), na kompyuta za pale zinakufungulia bila malipo zile tovuti kubwa ambazo nyumbani ungelipia. Kwa sisi wa kipato cha mshahara wa saa hilo peke yake linatosha kukutoa nyumbani. Lakini kilichonifanya niwapende ni wale wa mezani. Niliwafuata na karatasi nimeandika jina moja na mwaka mmoja, sijui hata niulize nini, na dada aliyekuwa zamu akanikalisha akanionyesha hatua kwa hatua mpaka nikafika kwenye ukurasa, hakunisonya, hakuniuliza mimi na Pepys wapi na wapi, akamsogezea bibi skrini na kukuza maandishi yakawa makubwa kama ya bango. Bibi alisoma mwenyewe. Nilimwona uso wake.

Tulianza na ubatizo. Samuel alizaliwa 23 Februari 1633 Salisbury Court, pembeni ya Fleet Street, akabatizwa kanisa la St Bride's tarehe 3 Machi. Mimi nikafungua 1633, nikashuka ukurasa mzima, hayupo. Nikarudia, hayupo. Nusu saa imeisha. Kumbe zamani mwaka wa Kiingereza ulikuwa unaanza 25 Machi, sio Januari, na waliendelea hivyo mpaka 1752, kwa hiyo Februari yetu ya 1633 kwao ilikuwa bado ni 1632. Ndo maana watu wa nasaba wanaandika 1632/3, sio kwamba hawana uhakika. Ukiliweka hilo kichwani utaokoa siku nzima, maana nimeona miti ya ukoo humo mitandaoni mtoto kazaliwa kabla ya wazazi kuoana, watu wanamtukana marehemu bure, kumbe ni hesabu ya kalenda. Na majina nayo, Pepys, Peeps, Pepis, kila karani aliandika alivyosikia. John anaandikwa Jno, William anaandikwa Wm. Tafuta kwa sikio, usitafute kwa herufi.

Ndoa yake nayo ina kazi. Alimuoa Elisabeth de St Michel, baba yake Mfaransa, binti wa miaka 14 akikaribia 15. Rejista ya St Margaret's Westminster inasema 1 Desemba 1655, ila wao wenyewe siku yao ya kusherehekea ndoa ilikuwa 10 Oktoba. Nani muongo? Hakuna. Kipindi kile baada ya sheria ya 1653 ndoa iliyotambulika ni ya mbele ya hakimu, na inaelekea hawa walishafunga kidini kabla. Bibi alicheka akasema basi hata wao walikuwa na bomani na kanisani. Nikamwambia kwetu mpaka leo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike. Kuna tovuti moja ya kulipia, siitaji, ambayo bibi alishailipia nyumbani kabla hatujaanza kwenda Clerkenwell. Kwanza ilimwambia majaribio ni bure halafu kadi ikakatwa ya mwaka mzima, na kurudishiwa hela ilichukua simu tano na mimi ndo niliyepiga. Hilo tumesamehe. Lisilosameheka ni kwamba kwenye miti ya watu iliyomo humo tulikuta Samuel Pepys ana watoto watatu! Wana majina, wana tarehe, wana wajukuu, na ukifuata chini unafika kwa watu waliopo leo wamejaa furaha wanaandika mimi ni kizazi cha Pepys. Mtu kakopi kwa mtu aliyekopi kwa mtu. Bibi alikesha usiku ule anafuata mmojawapo, akidhani kafika.

Pepys hakuzaa. Ushahidi uko wazi. Tarehe 26 Machi 1658 alipasuliwa kutolewa jiwe la kibofu lenye ukubwa wa mpira wa tenisi, bila ganzi jamani, na wengi wanaamini upasuaji ule ndo uliomharibia uzazi. Yeye mwenyewe mwaka 1664 kwenye shajara anasimulia siku alipokuwa chakulani kwa ndugu zake wa Joyce, wanaume walipoondoka akabaki na wanawake akawauliza afanyeje apate mtoto, wakampa mashauri kumi, asile usiku sana, avae nguo za ndani za kitambaa cha baridi, anywe maji ya majani ya seji, tumbo liwe na joto na mgongo uwe na ubaridi. Nilipomsomea bibi pale nilikumbuka shangazi zangu wanavyomkalisha mtu chini, sauti ileile. Mwanamume mzima, mkubwa wa serikali, anaandika mashauri yote kumi kwa utaratibu. Alitaka mtoto. Halafu nenda kanisa la St Olave, Hart Street, alipozikwa yeye na mkewe, ukutani juu kuna sanamu ya kichwa cha Elisabeth, aliyekufa 10 Novemba 1669 akiwa na miaka 29, na chini yake maneno ya Kilatini aliyowekewa na mume, yanasema hakuzaa mtoto kwa sababu asingeweza kuzaa wa kufanana naye. Nani anabishana na jiwe la kaburi lililoandikwa na mume? Waliojaza wale watoto watatu hawakuwahi kufika St Olave, na ni dakika chache kutoka stesheni ya Tower Hill.

Wale wazee wenzake bibi walipoelewa hivyo walinyong'onyea. Mmoja akasema basi, ukoo uliishia hapo, hana kizazi. Mimi nilikuwa namimina chai. Nikasema samahani, kwetu Uluguru huyu mtu ana kizazi. Wakaniangalia. Nikawaeleza kwamba sisi Waluguru lukolo, yaani ukoo, unafuata kwa mama, watoto wangu mimi ni wa ukoo wangu, watoto wa kaka yangu ni wa ukoo wa mama yao, na mwanamume kwetu anayemtazama kama mwendelezo wake ni mtoto wa dada yake. Ardhi ya ukoo inashuka kwa mjomba inakwenda kwa mpwa. Sasa nyie mnatafuta watoto wa Samuel wa nini, tafuteni dada yake. Na dada alikuwepo! Wakanyamaza kidogo halafu mmoja akaanza kuandika. Kwa kweli walikuwa wanamjua huyo dada siku zote, yuko kwenye vitabu vyote, ila walikuwa wanamweka pembeni kama mlango wa uani.

Dada anaitwa Paulina, nyumbani wakimwita Pall. Kati ya watoto kumi na mmoja wa fundi nguo John Pepys na mkewe Margaret Kite waliofika utu uzima ni wanne tu, Samuel, Tom, Pall na John mdogo. Samuel hakumtendea dada yake vizuri na shajara haifichi. Mwanzoni mwa 1661 alimchukua nyumbani kwake akamwambia wazi haji kama dada, anakuja kama mtumishi, na hata mezani hakumruhusu kukaa naye. Nilikasirika mimi, bibi ndo akanituliza. Baadaye akarudishwa kwa wazazi Brampton, Huntingdonshire, na Februari 1668 akaolewa na John Jackson wa Ellington, mtu wa kawaida tu asiye na elimu kubwa. Mwaka uleule habari zikaja Pall ana mimba, na Samuel anaandika kwamba hajui kama habari hiyo imemsumbua zaidi au imemfurahisha.

Sasa sikia. Pall alizaa wana, Samuel Jackson na John Jackson. Mjomba akamchukua John akamsomesha, akamtuma mpaka Italia na Hispania akaone dunia. Yule kaka mkubwa, Samuel Jackson, akaoa bila mjomba kuridhika, akapunguziwa urithi, na Mei 1703 mjomba akiwa kitandani Clapham, siku chache kabla ya kufa tarehe 26, akamalizia wosia, mali kubwa na vitabu vyote 3,000 vikaenda kwa mpwa John, na John akishakufa viende chuo cha Magdalene, Cambridge, visiongezwe hata kimoja wala kupunguzwa, wakivunja sharti viende chuo jirani cha Trinity. John akafa 1723, mwaka uliofuata vitabu vikahamia Magdalene, na viko pale mpaka leo, na kati yake ndo zimo zile juzuu sita za shajara. Yaani ile shajara tunayoisoma ilipita mikononi mwa mtoto wa dada ambaye hakuruhusiwa kukaa mezani. Mimi hili lilinigusa kuliko chochote kwenye safari yote hii. Mjomba na mpwa. Mluguru yeyote angejua pa kuanzia.

Kutoka kwa Pall mti unaendelea na hapa Kiswahili chetu kinasaidia kweli, maana Waingereza wanabaki kurudia neno moja kwa kila ngazi mpaka wanapotea kuhesabu, sisi kila ngazi ina jina. Mtoto wa Pall ni John Jackson. Mjukuu ni Frances, binti wa John, aliyeolewa na John Cockerell. Kitukuu ni Samuel Pepys Cockerell, msanifu majengo aliyezaliwa 1753, aliyechora ile nyumba ya Sezincote kule Gloucestershire yenye kuba la kihindi, alimchorea kaka yake Charles aliyechuma mali India. Kilembwe ni Charles Robert Cockerell, naye msanifu, jumba la makumbusho la Ashmolean pale Oxford ni kazi yake. Kilembwekeza ni Frederick Pepys Cockerell, msanifu tena. Niliwaandikia wazee haya majina matano ya ngazi kwenye karatasi, sasa hivi wanayatumia kwenye daftari lao, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza, wanatamka vizuri tu.

Na mkikuta mtu anawaambia ukoo wa Pepys ni wa malodi, ni kweli yupo Lord Chancellor, yaani mkuu wa sheria serikalini, Charles Pepys aliyepewa cheo cha Earl of Cottenham 1850, ila huyo ni wa tawi lingine la ukoo, wa binamu huko juu. Si wa Pall. Cottenham ni kijiji cha Cambridgeshire ambako ukoo mzima ulitokea, kwa hiyo wenye jina hilo ni wengi na si kila Pepys ni wa nyumba moja.

Kuna wawili sitaki kuwaruka kwa sababu wanarukwa sana. Wa kwanza ni mtoto wa Tom. Tom, mdogo wake Samuel, alikufa Machi 1664 hana mke, na baada ya mazishi ikajitokeza kwamba alizaa na mtumishi wake Margaret, mapacha, mmoja akafa, mwingine msichana akabaki akabatizwa Elizabeth Taylor, jina la uongo, maana Taylor ni fundi nguo na Tom kazi yake ilikuwa hiyo. Waliokuwa wanamlea walikuja kudai hela ya matunzo kwa familia. Kama Elizabeth huyu aliishi akazaa, basi damu ya kina Pepys imo kwa watu ambao hawana habari hata kidogo. Lakini jaribu wewe kumtafuta Elizabeth Taylor London ya karne ya 17. Tumekaa siku mbili nzima kwenye maikrofilamu. Ndo maana nasema wanasaba wakikuambia mstari umefungwa, uliza umefungwa kwa nani.

Wa pili si wa damu. Tarehe 5 Aprili 1669, karibu na mwisho wa shajara, Pepys anaandika kwamba mpishi wao kwa wakati ule ni mwanamke mweusi wa kwa jirani Batelier, anaitwa Doll, anapika vizuri sana na wamefurahi naye. Basi. Hapana jina la pili, hapana alikotoka, hapana alikokwenda. Huyu mwanamke alisimama jikoni kwa Pepys, Seething Lane, miaka zaidi ya mia tatu hamsini iliyopita, na mimi nimesimama jikoni kwa bibi nikamsoma. Niliuliza pale mezani Clerkenwell kama kuna njia ya kumtafuta, na hawakunichukulia poa, walinieleza jinsi makarani wa parokia walivyokuwa wakiandika watu weusi kwenye ubatizo na maziko, maneno gani nitafute. Rejista za St Olave zina Waafrika waliozikwa tangu miaka ya 1500, nimeona majina yao kwa macho yangu. Doll bado sijampata. Naendelea.

Upande wa bibi mwenyewe sasa. Tulifuata kwa utaratibu unaotakiwa, kuanzia kwake kwenda nyuma, sio kuanzia kwa Pepys kuja mbele, na hilo ndo kosa la wengi. Vyeti vya serikali vya kuzaliwa, ndoa na vifo vya England vinaanzia 1 Julai 1837. Sensa zenye majina ya watu zinaanza 1841 na zilizo wazi zinafika 1921 (ile ya 1931 iliungua yote 1942, usihangaike). Tulishuka vizuri mpaka babu mmoja anaitwa Jackson, aliyeoa Shoreditch miaka ya 1820. Jackson! Bibi mikono ilitetemeka. Lakini rejista ya ndoa kabla ya 1837 haikuandika jina la baba, ina majina ya maharusi na mashahidi tu. Kwenye sensa ya 1841 hawaandiki ulizaliwa wapi, wanaandika tu kama umezaliwa kwenye kaunti hiyohiyo au hapana, na yeye ameandikwa hapana. Ile ya 1851 ndo inayotaja parokia ya kuzaliwa, na yeye alikufa 1848. Miaka mitatu tu. Angeishi miaka mitatu zaidi tungejua kama ametoka Huntingdonshire au la.

Nilidhani bibi atavunjika moyo. Akasema, andika hivi, Jackson, hakuzaliwa Middlesex, baba hajulikani. Nikaandika kwa penseli. Hakuniambia nijaze. Wangapi wangejaza pale, wangeandika mwana wa fulani mwana wa Pall, na nani angewakamata?

Kwa upande wa nyumbani, siku ambazo hatuwezi kutoka, tunatumia FamilySearch, hiyo ni ya bure kabisa, ya kanisa lile la Watakatifu wa Siku za Mwisho, asili yake Utah mwaka 1894, filamu zao zote walimaliza kuziskani 2021. Unafungua akaunti tu. Nzuri sana kwa kupata dondoo, picha nyingine zinafunguka nyumbani na nyingine mpaka uende kwenye vituo vyao. Tukipata dondoo tunaiandika, halafu tunakwenda kuihakikisha Clerkenwell kwenye picha ya ukurasa wenyewe. Huo ndo mwendo wetu. Na kwa mlioko Bongo au Kenya mnaouliza kama London Archives ina faida kwenu, kama hutafuti mtu wa London basi haitakusaidia, nawaambia ukweli. Ya kwetu mengi yako kwenye vitabu vya misheni na vichwani kwa wazee. Mimi mwenyewe nimeanza kumpigia bibi yangu Mgeta kila Jumapili namrekodi kwenye simu, ananitajia lukolo kwa lukolo, nani alitoka wapi na nani aliolewa wapi, na amenikumbusha mjomba wangu mkubwa ambaye sikuwa hata najua jina lake kamili.

Nyota tano kutoka kwangu, kwa ajili ya watu wa mezani, kwa ajili ya ubure, na kwa namna walivyomkuzia bibi maandishi. Nenda asubuhi, nenda na majina matatu tu usiende na hamsini, vaa sweta.

Hali ya hewa ikitulia vizuri mwezi wa tano tunakwenda Brampton. Treni mpaka Huntingdon halafu teksi, nimeshauliza na kiti cha magurudumu kinaingia. Pall alikufa Novemba 1689 na jiwe lake limo ndani ya kanisa la pale. Bibi anataka kulishika kwa mkono.